Chujio la moshi: hesabu nzuri, barabara ya mtu mwingine

Ukihudhuria siku ya mawasilisho ya wanafunzi wa uhandisi mitambo, haipiti saa moja hujaoneshwa picha ya rangi rangi. Kitu cha duara kimekatwa katikati, upande mmoja bluu, upande wa pili nyekundu iliyokolea, mishale inapita ndani. Watu wanatikisa vichwa. Mwenye kazi anasema modeli yake imekubaliana na majaribio, tofauti ni asilimia chache tu, anamshukuru msimamizi wake na kukaa. Safi. Ila mara nyingi hakuna anayeuliza: majaribio ya nani, na yamefanyika wapi?

Leo nataka kuuliza swali hilo kwa kifaa kimoja, chujio la masizi la injini ya dizeli. Madereva na mafundi wetu wanaliita DPF. Nimekaa na maandiko yake kwa sababu ya utafiti wangu, na mimi ni mtu wa Ruaruke, wilaya ya Kibiti, ambako karibu kila kitu kinachoingia na kutoka kinabebwa na gari la dizeli. Nikisoma maandiko hayo nayavulia kofia. Nikienda nyumbani nakuta machujio yenyewe yamekatwa, yametobolewa, au yametupwa nyuma ya gereji. Vitu hivi viwili vinahusiana, na maelezo ya kawaida kwamba "mafundi wetu hawajasoma" ni ya kivivu.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe kinafanya nini.

Wanaojua uvuvi wa wando kule delta wana nafasi nzuri ya kukielewa. Wando ni uzio wa fito. Maji yanaingia, bamvua likitoka maji yanapita katikati ya fito, samaki wanabaki. DPF ni wando wa kauri. Ni tofali lenye maelfu ya vijia vyembamba vilivyonyooka, kama sega la nyuki. Kijia kimoja kimezibwa nyuma, jirani yake kimezibwa mbele. Moshi ukiingia kwenye kijia kilichozibwa nyuma hauna pa kutokea, lazima upenye kwenye ukuta kwenda kijia cha jirani. Gesi inapenya, masizi yanabaki. Kwa chujio la kawaida unapata vijia 31 hivi kwa kila sentimita ya mraba, ukuta wa milimita 0.3, na upana wa kijia milimita 1.5. Piga hesabu kwa chujio la lita 7 na utakuta eneo la kuta linalochuja ni mita za mraba 6 na nusu. Sakafu ya chumba kidogo, imekunjwa ndani ya kitu unachoweza kukibeba kwapani.

Hapa wando unafika mwisho wake kama mfano, na ndipo panaponoga. Matundu ya ukuta wa kauri yana upana wa maikromita 10 hadi 20. Chembe ya masizi ni kama maikromita 0.1. Yaani tundu ni kubwa mara 100 na zaidi kuliko kinachochujwa! Ni kama kutega dagaa kwa uzio ambao ng'ombe anapita. Bado linakamata zaidi ya asilimia 95. Sababu ni kwamba chembe ndogo kiasi hicho haziendi moja kwa moja. Zinagongwa na molekuli za gesi, zinayumba huku na huku, na katika kuyumba zinagusa ukuta na kunata. Zikishanata nyingi, zinajenga tabaka la masizi juu ya ukuta, na kuanzia hapo tabaka hilo ndilo linalochuja. Masizi yanachuja masizi. Chujio jipya kabisa ni baya kidogo kuliko lililoanza kuchafuka.

Bila hesabu usingeweza kubuni kitu cha namna hii kwa kubahatisha. Ukuta ukiwa mnene, injini inakosa pumzi. Ukiwa mwembamba, unapasuka. Matundu makubwa yanavujisha, madogo yanabana. Kutengeneza kila toleo, kulioka, kulifunga kwenye injini na kulijaribu kunakula miezi na fedha nyingi. Kwa hiyo mwaka 1984 Edward Bissett, aliyekuwa kwenye maabara za utafiti za General Motors, alichapisha milinganyo ambayo mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa fani hii. Alichofanya ni kurahisisha kwa ujasiri. Badala ya maelfu ya vijia akachukua viwili tu, cha kuingilia na cha kutokea, na kusema: hivi viwili vinawakilisha wote. Miaka mitano baadaye Konstandopoulos na Johnson wakaeleza kwa milinganyo myepesi presha inapotea wapi: kwenye msuguano wa kijia, kwenye ukuta, kwenye tabaka la masizi. Sehemu ya ukuta inarudi kwa Mfaransa Henry Darcy, ambaye mwaka 1856 alikuwa akipima maji yanavyopenya mchangani huko Dijon. Sheria ya maji ya mchanga ikaja kutumika kwa moshi wa lori.

Mimi naipenda kazi hii. Modeli ya vijia viwili inaendeshwa kwenye laptopu ya mwanafunzi, hata ile ambayo betri yake imeshakufa. Tangu hapo zimekuja programu kubwa za kulipia, zimekuja modeli za chujio zima kwa pande zote tatu, na siku hizi watu wanapiga picha za eksirei za ukuta wenyewe na kuiga gesi inavyopita tundu kwa tundu. Ila mifupa ni ileile ya 1984.

Na imeokoa vitu. Chukua tatizo la kuungua. Masizi yakijaa lazima yachomwe palepale ndani ya chujio. Kwa oksijeni peke yake yanahitaji joto la nyuzi 550 hadi 600, wakati moshi wa gari lisilo na mzigo mara nyingi uko chini ya nyuzi 250. Kwa hiyo kompyuta ya injini inamwaga dizeli ya ziada ili kupandisha joto, na masizi yanashika moto. Sasa fikiria moto umeshashika, halafu dereva anaondoa mguu kwenye mafuta na kusimama. Mkondo wa gesi uliokuwa unabeba joto kwenda nje unapungua ghafla. Wakati huohuo injini ikiwa bila mzigo moshi wake una oksijeni nyingi zaidi. Umepunguza feni, umeongeza hewa ya moto.

Hebu tuhesabu wenyewe. Tuseme chujio letu la lita 7 lina gramu 8 za masizi kwa kila lita. Jumla gramu 56. Gramu moja ya kaboni ikiungua inatoa kilojuli 33 hivi, kwa hiyo tuna megajuli 1.8, joto la kutosha kuchemsha karibu lita 6 za maji. Kauri yenyewe ina uzito wa kilo 3 na kidogo. Joto lote likibaki ndani, linapanda kwa zaidi ya nyuzi 550 juu ya zile 600 tulizoanza nazo. Tumefika karibu nyuzi 1,150. Kauri ya kodieraiti haijayeyuka bado, ila joto halipandi sawasawa kila mahali. Kipande kimoja kinakuwa chekundu na jirani yake bado ni baridi, na hapo inapasuka. Ni uigaji wa kompyuta uliowaonesha wabunifu ni kiasi gani cha masizi kisizidishwe kabla ya kuchoma, kwa kila aina ya kauri, bila kulazimika kupasua mamia ya machujio. Hiyo ni sifa ya haki na sitaki mtu aseme nimeidharau.

Malalamiko yangu yako kwenye jedwali la mwanzo. Kila modeli, kabla hujabonyeza kitufe, inakuomba namba: gesi inaingia kwa kasi gani, ina joto gani, ina masizi kiasi gani, kwa kila sekunde. Namba hizo zinatoka kwenye kitu kinaitwa mzunguko wa uendeshaji, yaani ratiba ya kupanda na kushuka kwa mwendo inayowakilisha gari la kawaida siku ya kawaida. Ulaya walikuwa na wao wa zamani, NEDC, ambao kila mtu alijua hauwakilishi chochote isipokuwa maabara, mpaka ulipoanza kubadilishwa mwaka 2017. Japani kuanzia 2005 magari mazito yalikuwa yakipimwa kwa mzunguko wa JE05, wa nusu saa hivi, wastani wa kilomita 27 kwa saa.

Huo wa Japani unatuhusu sana, kwa sababu malori madogo ya mitumba tunayoyaona, Canter, Elf, Dutro, yametoka huko. Na Japani ina historia yake na masizi. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa akitokea mbele ya waandishi na chupa ya masizi ya dizeli mkononi. Kuanzia Oktoba 2003 malori yasiyofikia kiwango cha masizi yakapigwa marufuku kuingia jijini. Kwa hiyo magari ya baada ya hapo yanakuja na machujio. Hino wanaliita DPR, Isuzu wanaliita DPD, kitu ni kilekile.

Mtu anaweza kunijibu haraka: kilomita 27 kwa saa ni mwendo wa foleni, na Ruaruke nako hamkimbii, si sawa tu? Si sawa, na tofauti haiko kwenye mwendo. Lori likiacha lami ya barabara ya Kilwa na kuingia kwenye vumbi na mchanga likiwa limejaa mzigo, linakwenda polepole lakini injini inafanya kazi ngumu. Moshi ni wa moto. Hapo DPF inaweza kufurahia kuliko ilivyokuwa Tokyo. Shida ni wakati wa kurudi tupu, shida ni kusimama injini inaunguruma kusubiri mzigo, kusubiri jahazi, kusubiri tope likauke masika. Na shida kubwa ni kwamba mzunguko wa Tokyo una mtu ndani yake ambaye haonekani kwenye milinganyo. Taa ya chujio ikiwaka, mtu huyo anajua ni nini. Anasogea pembeni, anabonyeza kitufe, injini inapandisha mwendo yenyewe, anakaa kama dakika 20 mpaka masizi yaungue. Kwetu kitufe kimeandikwa Kijapani. Dereva ameambiwa na aliyemwachia gari kwamba "hiyo taa achana nayo". Ana samaki nyuma, barafu inayeyuka. Na hata akijua, dakika 20 za bomba lenye joto la nyuzi mia kadhaa juu ya majani makavu si jambo la kumshauri mtu kirahisi.

Kwa hiyo anaendelea na safari. Kompyuta ya injini inajaribu kuchoma yenyewe njiani, dereva anasimama, uchomaji unakatika. Inajaribu tena. Inakatika tena. Kila jaribio linamwaga dizeli ya ziada ndani ya silinda kwa kuchelewa, na sehemu ya dizeli hiyo haiungui bali inateremka ukutani mwa silinda kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, kimo kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, na fundi wa zamani anashangaa gari "linazaa oili". Oili nyepesi inamaliza ringi. Ringi zikiisha injini inaunguza oili. Na oili inayoungua ndiyo inayoleta adui wa pili wa chujio, ambaye kwa maoni yangu fani hii ilimchelewesha mno.

Huyo ni majivu.

Masizi yanaungua. Majivu hayaungui, hata uyachome mpaka kesho. Yanatokana na viungo vya madini vinavyotiwa kwenye oili ya injini ili kuisafisha na kuilinda: kalsiamu, magnesi, zinki, fosforasi. Modeli ya 1984 haikuwa na majivu kabisa, na sawa, ilikuwa inajibu swali la moto. Lakini kwa miaka mingi baadaye majivu yaliendelea kuwa kama kiambatisho. Unaongeza tabaka jembamba, sawasawa urefu wote wa kijia, unaendelea na mambo mengine. Mtu aliyekulia delta angecheka. Tope halitulii sawasawa mtoni, linatulia pale maji yanapopoteza nguvu. Ndani ya kijia cha kuingilia gesi inapungua kasi kadiri inavyokwenda mbele, kwa sababu njia nzima inavuja kupitia ukutani, na kwenye kizibo cha mwisho kasi ni sifuri. Ndiyo maana majivu mengi yanasukumwa na kulundikana kule mwisho na kufupisha chujio, sentimita kwa sentimita, kama mdomo wa mto unavyojaa. Modeli za karibuni zinalifuata hilo. Zilizo nyingi kwenye tasnifu zetu bado zinapaka majivu kama rangi ya ukuta.

Tuweke namba tena, za kukadiria lakini zenye mantiki. Injini nzima inakunywa lita moja ya oili kwa kilomita 2,000. Kilomita 100,000 ni lita 50, kilo 43 na nusu. Kama oili ni ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yenye chujio, madini yake ni asilimia 1 hivi, kwa hiyo gramu 435 za majivu kama yote yangeishia humo. Majivu ndani ya chujio ni mepesi, tuseme gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo, yanachukua karibu lita moja na nusu. Nafasi yote ya vijia vya kuingilia kwenye chujio la lita 7 ni lita 2.4. Umejaza zaidi ya nusu, ni wakati wa kulitoa na kulisafisha. Mbunifu anaangalia, anasema sawa, kilomita 100,000 zinatosha.

Sasa badilisha namba mbili tu. Gari ni mtumba, ringi zimechoka, linakunywa lita moja kwa kilomita 500. Oili ni ile ya dumu ya bei nafuu, ya kizazi cha kabla ya machujio, madini asilimia 1.5. Gramu 13 za majivu kila kilomita 500. Lita 2.4 zinajaa kabla ya kilomita 28,000. Milinganyo ni ileile, laptopu ni ileile. Chujio lililohesabiwa kuishi miaka linakufa ndani ya mwaka mmoja wa safari za Kibiti na Dar. Na kumbuka chujio hilo lilishafika bandarini likiwa na majivu ya Japani ndani yake, hakuna aliyelipima.

Kuhusu salfa nitapita haraka, kwa sababu hapa kuna habari njema. Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015. Hatua kubwa, na bila hiyo makala hii isingekuwa na maana, maana salfa nyingi inaua ile platini inayotengeneza nitrojeni dayoksaidi, gesi ambayo inaweza kuunguza masizi kwa joto la chini zaidi. Ila sote tunalijua neno kuchakachua. Mafuta ya taa yanaruhusiwa kuwa na salfa nyingi kuliko dizeli hiyo. Tuseme yana sehemu 1,000 na mtu amechanganya moja ya kumi tu. Kwenye tangi umeshafika 145. Kwenye jedwali la modeli bado umeandika 50.

Nimefika kwa fundi sasa. Gari limeletwa halina nguvu, linapanda kilima kama limefungwa kamba. Anafungua, anaona chujio limeziba. Jipya bei yake inaweza kukaribia thamani ya kazi yote ya gari kwa msimu. Mashine ya kusafishia majivu hana. Anachukua grainda, anapasua ganda, anagonga kauri itoke, anachomelea ganda tupu mahali pake ili kwa nje lionekane lipo. Mwenye laptopu anafuta chujio kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya injini, taa inazimika. Gari linakimbia. Kwa upande wa mwenye gari, huo ni uhandisi mzuri. Ametatua tatizo alilopewa kwa vifaa alivyonavyo.

Kwa upande wa anayetembea nyuma ya gari hilo, hesabu ni nyingine. Chujio lililokuwa linakamata asilimia 95 sasa linakamata sifuri. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, si tena "huenda". Hizo chembe za maikromita 0.1 zinafika chini kabisa ya pafu. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga stendi ya Kibiti anakaa nazo kuanzia alfajiri.

Hapo ndipo nasema modeli zimekosea, na neno ni kukosea. Hazikukosea presha wala joto. Zimekosea matokeo ya kifaa katika maisha yake, kwa sababu maisha yake yamehesabiwa kwa mmiliki wa kwanza. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo ya mitumba milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, asilimia 40 hivi yakija Afrika. Maisha ya pili ya gari yanajulikana kabla halijatengenezwa. Ni data, ipo. Kutoiweka kwenye jedwali ni uamuzi.

Kuna wanaosema tatizo la namba za kuingiza litatatuliwa na wenye viwanda wenyewe, sisi tusubiri. Wakumbuke Mitsui. Novemba 2004 kampuni hiyo ya Japani ilikiri kwamba data za majaribio za machujio yake, zilizopelekwa serikali ya Tokyo ili kupata idhini, zilikuwa zimeghushiwa. Machujio zaidi ya 20,000 yalishauzwa. Na hiyo ilikuwa Tokyo, yenye maabara na wakaguzi. Mwenye kuuza ana sababu zake za kupenda namba fulani, na asiyepima hana cha kumbishia.

Lakini lawama kubwa naiweka karibu zaidi. Tasnifu kadhaa nilizosoma, za ukanda wetu, zinaanza na aya nzuri kuhusu uchafuzi wa hewa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Kurasa mbili. Halafu sura ya tatu inafika, mbinu, na data zote ni za injini ya Ulaya, mzunguko wa Ulaya, oili ya Ulaya, zimepakuliwa pamoja na mfano wa mafunzo wa programu. Sura ya tano inarudi Dar es Salaam na mapendekezo kwa serikali. Jiji limekuwa pambo la mwanzo na mwisho. Msimamizi anapitisha kwa sababu milinganyo imeyeyushwa vizuri na picha ina rangi. Naelewa kwa nini tunafanya hivyo: leseni ni ghali, muda ni mfupi, kupima gari barabarani kunachafua nguo. Ila usiite hiyo modeli ya Dar es Salaam.

Kinachohitajika si kikubwa. Kwa modeli ya vijia viwili, ukitaka kujua kama chujio litaishi kwenye njia ya Kibiti hadi delta, unahitaji kwanza joto la moshi sekunde kwa sekunde kwa wiki mbili tatu, masika na kiangazi. Hiyo ni waya mmoja wa kupimia joto na kadi ya kumbukumbu. Unahitaji kiasi cha oili inayoongezwa, ambacho dereva yeyote makini anakijua kichwani, na kopo la oili yenyewe likapimwe madini maabara. Unahitaji sampuli za dizeli kutoka vituo vichache na kutoka kwenye madumu ya kando ya barabara. Basi. Programu ya bure ipo. Ukishakuwa na hizo, maswali yanakuwa ya kweli: je, chujio lenye vijia vya kuingilia vikubwa kuliko vya kutokea, ambalo lipo tayari sokoni, lingetupa muda gani zaidi kabla ya majivu kulijaza? Je, mashine moja ya kusafishia Mbagala ingewalipa wenye malori kuliko grainda? Je, chujio la wazi, ambalo haliwezi kuziba ila linakamata nusu tu ya masizi, ni bora kwetu kuliko la kuta linalokamata asilimia 95 kwa mwaka mmoja na sifuri kwa miaka kumi? Kwa hilo la mwisho mimi nina jibu langu la awali, na ni jibu ambalo mbunifu wa Ulaya angelikataa mara moja. Asilimia 50 kwa miaka kumi na moja ni masizi mengi zaidi yaliyozuiwa. Chukua kalamu ujumlishe.

Watu wa maabara watasema chujio la nusu linaacha zile chembe ndogo kabisa zipite, na ndizo mbaya. Ni hoja nzito, na wala modeli yangu ya laptopu haiwezi kuimaliza. Inahitaji kifaa cha kuhesabu chembe nyuma ya bomba la gari halisi.

Kwa sasa nimeanza na joto. Mwenye Canter mmoja wa Kibiti amekubali nimfungie waya kwenye bomba, mbele ya pale chujio lilipokuwa. Hakuuliza lolote kuhusu Bissett. Aliuliza tundu nitakalotoboa nitalizibaje, na nani atalipa kama likivuja.